Mpira Nilioufunga kwenye Bunduki ya Ndugu Yangu

Ndugu yangu mkubwa alivua shati dukani kwangu, akanigeuzia bega la kulia, akaniambia niangalie tu, nisiseme kitu. Nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia soli. Bega lilikuwa limevimba, juu jeusi, pembeni kijani na manjano kama ini lililolala. Palikuwa na majeraha mawili madogo, moja juu na moja chini, pale ncha za kibati cha chuma cha kwenye kitako zilipokuwa zikimchimba kila alipofyatua bunduki.

"Nimeanza kufumba macho," akasema. "Kabla sijavuta, nafumba."

Mtu mwingine angesema hivyo na yakaisha. Kwake hiyo ilikuwa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa nyati na ndovu. Mtu anayefumba macho mbele ya nyati hana siku nyingi. Alilijua hilo, na mimi nililijua, na ndiyo sababu alitoka Rapsu kwa lori mpaka Isiolo kuniona.

Sehemu kubwa ya miaka ya sabini alifanya kazi ya kuwabebea bunduki wawindaji wenye leseni, kule juu ya Ngaremara na kuteremka mpaka mtoni. Hakuwa mtu wa maneno. Sifa yake ilikuwa moja, kwamba hakimbii. Kuna mara mwindaji mwenyewe alitupa kofia na kupanda mti, ndugu yangu akabaki chini amesimama na bunduki ya pili mkononi, mpaka mnyama akageuka mwenyewe. Hadithi hiyo ilizunguka Isiolo yote. Hakuisimulia yeye, aliisimulia mpishi wa kambi.

Kisha uwindaji ukapigwa marufuku. Wawindaji wakaondoka, mahema yakauzwa, na ndugu yangu akakaa nyumbani muda mrefu akitazama mbuzi wa watu. Alipopata kazi ya kulinda mashamba ya Rapsu, ambako watu walikuwa wamechimba mifereji na kupanda mahindi, vitunguu na ndizi, alifurahi kama mtu aliyerudishiwa jina. Alipewa bunduki iliyobaki tangu siku zile za uwindaji, ya mbao nzuri, ndefu, yenye risasi nene kama kidole. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mnene anayekula nyama kila siku. Ndugu yangu alikuwa mwembamba, mifupa na kamba tu. Ile bunduki ilimpiga teke kama punda.

Aliomba kwa wakubwa wake kitu cha kuweka kwenye kitako ili kipunguze lile teke. Wakamwambia stoo hakuna kitu cha namna hiyo. Wakamwonya pia asithubutu kukata mbao, kwa sababu bunduki ni mali ya kazi. Akitaka kuongeza kitu, aongeze, mradi skrubu ziingie kwenye matundu yaleyale, na siku ya kurudisha irudi kama ilivyokuwa. Wawindaji wa zamani walikuwa na vipande vya mpira mwekundu vilivyotoka kwao, vyenye matundu ubavuni kama sega la nyuki. Sisi hatukuwa na jina la kitu hicho. Tuliita mto.

"Wewe ni fundi," akaniambia. "Nitengenezee mto."

Mimi niliishia darasa la nne. Nilichokijua vizuri ni mpira wa tairi. Malori ya kwenda Marsabit na Moyale yaliacha matairi Isiolo kama nyoka anavyoacha gamba, na mimi niliyakata nikatengeneza akala, ndara za tairi. Akala zangu hazikuteleza. Wachungaji walitoka Garbatulla, wakapita mafundi wengine wawili, wakaja kwangu. Siri ilikuwa kuacha meno ya tairi upande wa chini na kuyachonga upya kwa kisu ili yaume ardhi. Hicho ndicho nilichokuwa nacho duniani. Sina haja ya kukipamba wala kukipunguza.

Upande wa pili wa kichochoro, karibu na msikiti, alikaa mzee mmoja fundi wa matandiko. Ujanani aliwahi kuwa askari wa doria za ngamia, na tangu hapo alishona matandiko ya punda, mikanda na ala za visu. Alikuwa na ulimi mchafu. Kazi yangu aliiita ufundi wa jalala. Tuliwahi kugombania kivuli cha baraza mpaka imamu akatuita wote wawili, na tangu siku hiyo tulipeana salamu kwa sababu ya dini tu.

Ndugu yangu hakujua ugomvi huo, au alijua asiujali. Alikuwa amempitia yule mzee kwanza na kumwachia kipimo cha kitako. Kisha akaja kwangu. Alitaka kuona kazi za wote wawili kisha achague. Hakuwa na ubaya wowote katika jambo hilo. Mimi ndiye niliyeliona baya.

Nilifanya kazi siku tatu. Nilikata kipande cha tairi la lori, unene wa kidole, nikaweka chini yake tabaka la tyubu iliyokunjwa mara nne ili iwe laini. Vyote viwili vilifika vidole viwili. Nikavishona kingoni kwa uzi wa nailoni, nikapiga msasa ukingo mpaka ukalingana na mbao. Upande unaokaa begani niliacha meno ya tairi na kuyachonga vizuri, kama kwenye akala. Nilitaka bunduki ikishafika begani isisogee hata kidogo. Ndivyo nilivyofikiri: kitu kizuri ni kile kinachoshika.

Siku ya kuchagua, mzee alikuja dukani kwangu na mto wake umefungwa kwenye kitambaa. Ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe iliyojazwa manyoya ya ngamia yaliyoshindiliwa, mwembamba, hauzidi kidole kimoja. Uso wake aliupaka mafuta na kuusugua mpaka ukang'aa kama kiatu cha mkubwa wa polisi. Akautazama wangu, akauinua, akauonyesha mlangoni kwenye mwanga.

"Warya, we kijana," akasema, "umeivalisha bunduki kiatu. Inaenda wapi na meno hayo, Marsabit?"

Ndugu yangu akacheka. Nami nikamwambia mzee kwamba wake umepakwa mafuta mengi, unafaa kukaangiwa mandazi. Tukatupiana maneno mawili matatu ya namna hiyo. Kisha yule mzee akaacha mzaha. Akachukua fimbo yake, akaishika kiunoni kama bunduki, akaipandisha begani kwa haraka, mara mbili.

"Angalia. Bunduki inatoka chini, inapita hapa kwapani, ndiyo inafika. Ngozi itapita. Huo mpira utashika nguo. Halafu ni mnene, na mbao haijakatwa, kwa hiyo itakuwa ndefu kuliko mkono wake."

Nilimwelewa. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kujidanganya kwamba sikumwelewa. Mtu aliyekata mpira maisha yake yote anajua mpira hufanya nini ukigusana na nguo. Nilimwelewa kabla hajashusha fimbo.

Ndugu yangu alijaribu mito yote miwili. Alikuwa kifua wazi kwa sababu hata shati lilimuuma. Aliinua bunduki polepole, kama mgonjwa, akailaza kwenye bega lile bovu. Mto wa ngozi ulimfanya akunje uso kidogo. Wa kwangu ulitulia juu ya ngozi yake, ukashika, na uso wake ukalegea. Nilimpima namna ninavyompima mteja wa viatu, amesimama wima, hana haraka, hana nguo mwilini.

Akanigeukia. "Ndugu yangu, ingekuwa wewe, ungeweka upi?"

Mzee alikuwa amesimama pale pale. Kama ndugu yangu angetoka na mto wa ngozi, kufikia alasiri kichochoro kizima kingejua kwamba hata mtoto wa mama yangu hakutaka kazi yangu.

"Wangu," nikasema.

Akaukubali. Mzee alikunja mto wake kwenye kitambaa akaenda zake. Mimi nikafungua skrubu mbili, nikatoa kile kibati cha chuma nikampa akitunze, nikafunga mpira.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, na hilo lilinidhuru zaidi. Ndugu yangu alileta habari kwamba bega limepona. Wakati mwingi alikuwa akipiga risasi juu ya vichwa vya ndovu ili watoke mashambani, akiwa ameegemea tuta la mfereji, na hapo mtu ana nafasi ya kuiweka bunduki begani anavyotaka. Hafumbi macho tena, alisema. Alimwambia kila mtu aliyeuliza kwamba ni kazi ya mdogo wake. Nilitembea mbele ya duka la yule mzee nikiwa nimeinua shingo. Aliwahi kuniuliza mara moja tu, baada ya swala, kama ndugu yangu huvaa kabuti wakati wa mvua. Nikamjibu kwamba ndugu yangu si mtoto.

Mvua ndefu ziliponyesha, dereva wa lori la vitunguu alikuja dukani kabla ya adhuhuri, akasimama bila kutoa salamu. Nikajua. Nilipofika Kinna, karibu na Rapsu, walikuwa wameshamzika. Barabara ilikuwa matope, nasi tulisukuma gari mara tatu. Sikuuona uso wake.

Mlinzi mwenzake, mwanamume wa Garbatulla aliyekuwa naye asubuhi ile, alinichukua pembeni akanieleza. Nyati dume alikuwa ameingia kwenye migomba tangu alfajiri, akamtoboa punda wa mkulima tumbo. Ndugu yangu alitangulia. Kulikuwa na manyunyu na baridi, wote wawili wamevaa makabuti. Nyati akatoka upande ambao hawakuutazamia, kama hatua kumi na tano.

"Aliinua, ikakwama," akasema yule mwanamume. "Akaishusha, akainua tena. Risasi ikaenda juu ya migomba. Ya pili hakupata."

Nikamuuliza ilikwama wapi.

Akagusa chini ya kwapa lake la kulia. "Hapa. Mimi nilidhani mikono imemshinda. Woga humshika mtu yeyote. Au wewe unajua kitu?"

"Sijui," nikasema.

Akanipa kabuti la ndugu yangu likiwa limekunjwa. Lilikuwa limechanika upande wa kushoto na lina damu iliyokauka. Lakini upande wa kulia, chini ya kwapa, palikuwa na alama nyeusi, mistari mifupi iliyopinda, na sufu imevutwa ikasimama. Ilikuwa alama ya meno niliyoyachonga kwa mkono wangu. Mtu akikanyaga sakafu iliyooshwa akiwa na akala zangu, huacha alama hiyohiyo.

Bunduki ilitakiwa kurudishwa siku hiyo. Yule mwenzake aliogopa kuulizwa juu ya kitu kilichoongezwa, akaniambia nitoe kitu changu. Nikatoa. Nilirudisha kibati cha chuma nilichokikuta kwenye vitu vyake, nikakaza skrubu mbili, nikaipangusa mbao kwa kanzu yangu. Mpira nikautia mfukoni. Kule Isiolo niliukata vipande, vikawa visigino vya viatu vya mtu. Sikumbuki vya nani.

Kabuti nililifua mimi mwenyewe kabla ya kumpa shemeji yangu, mke wake. Damu niliiacha kiasi, kwa kuwa ilikuwa ya mume wake na angetaka kuiona. Ile alama nyeusi niliisugua kwa mafuta ya taa mpaka ikatoka. Nilitumia asubuhi nzima. Akaniombea dua kwa wema huo.

Yule mzee alikuja kutupa pole. Alikaa kwenye mkeka, akasoma Fatiha, akanywa chai. Nilingoja aseme. Angesema mbele ya watu wote, ningeinamisha kichwa, na pengine mambo yangeishia hapo. Aliniangalia mara moja, kisha akaanza kuulizia habari za malisho. Alikufa miaka michache baadaye bila kulitamka. Nilishika jeneza lake pamoja na wengine, na katika safari ile ya makaburini, namwomba Mungu anisamehe, nilihisi mzigo mwingine ukitua.

Lakini maneno ya yule mwanamume wa Garbatulla yalikuwa yameshapanda lori na kufika Isiolo. Kwamba mikono ilimshinda. Kwamba yule aliyekuwa hakimbii, siku ya siku, aliganda. Watu hawakusema kwa chuki. Walisema kwenye hoteli ya chai wakati hakuna mazungumzo mengine, na walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka sifa kubwa inapoanguka. Mtu mmoja alisema yule mpishi wa kambi lazima alikuwa amelewa alipoisimulia ile hadithi ya mti. Mimi nilikuwa nimekaa meza ya pili. Nilimaliza chai yangu. Shemeji alikuwa akiuza maziwa sokoni, na siku walipogombania nafasi, mwanamke mwenzake alimwambia asogee, mume wake alishindwa hata na ng'ombe wa porini. Aliniambia hilo akiwa ananiletea kandambili ya kushona. Nilishona. Sikumtoza.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Nilijiambia kwamba ukweli haumfufui mtu. Hilo ni kweli, na ni maneno ya mtu mwoga.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya themanini, binti mkubwa wa ndugu yangu alipoposwa. Wazee wa upande wa mume walikuja, wakala, wakakubaliana mambo mengi, kisha mmoja wao akatania kwamba wanaomba tu watoto wasirithi mikono ya babu yao. Wakacheka. Shemeji alikuwa nyuma ya pazia akasikia. Kesho yake alikuja dukani, ukanda wa kiatu umekatika, akanieleza utani huo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akitazama barabarani. Kisha akasema binti hakula tangu jana.

Nikaweka chini msharasi wa kushonea. Nikamwambia.

Hakulia. Aliuliza maswali matatu tu.

"Yule mzee alikuambia itashika nguo?"

"Aliniambia."

"Ukamwelewa?"

"Nilimwelewa."

"Na kabuti?"

"Nililisafisha mimi. Alama ilikuwepo."

 Akachukua kile kiatu ambacho hakijashonwa, akakivaa hivyo hivyo, ukanda unaburuta.

"Shemeji," akasema, "funga duka."

Tulitembea yeye mbele mimi nyuma, mpaka kwenye ile hoteli ya chai. Ilikuwa baada ya alasiri, wanaume wamejaa, na mmoja wa wale wazee wa posa alikuwepo. Wanawake hawakuwa wakiingia pale. Yeye alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, akanipisha nipite. Watu walidhani tumeleta habari ya msiba.

Nilisema. Sikujua niseme vipi, kwa hiyo nilisema kama ilivyokuwa: kwamba bunduki ilikwama kwa sababu ya mpira niliouweka mimi, wenye meno, mnene kupita kiasi, juu ya mbao isiyokatwa, kwamba nilionywa, kwamba ndugu yangu hakuganda, aliinua mara mbili wakati mtu mwoga asingeinua hata mara moja. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Wa karibu walikuwa wameacha vikombe. Wa nyuma walikuwa wanaulizana kuna nini.

"Rudia," shemeji akasema kutoka mlangoni. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Safari hii nikataja na kabuti, na mafuta ya taa.

Mtu mmoja akatikisa kichwa. Yule mzee wa posa alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akamwambia shemeji maneno ambayo sikuyasikia, na shemeji akaitikia kwa kichwa. Kijana mmoja akauliza mezani kwao kama akala zangu nazo zimeshaua watu wangapi, wenzake wakamnyamazisha. Nilipogeuka, shemeji alikuwa ameshaondoka.

Harusi ilifanyika. Nilikaa mahali anapokaa baba mdogo, kwa kuwa mahali hapo hapawezi kuachwa wazi, na yeye mwenyewe aliniwekea sahani ya pilau mbele yangu bila kuniangalia. Viatu vyake sasa anapeleka kwa fundi mwingine, karibu na msikiti. Tukikutana njiani ananipa salaam aleikum kabla sijaitoa mimi, naitikia, anapita. Hajawahi kunitukana, hata siku ile. Mara nyingine natamani angenitukana.